Mji Mkongwe Unavyosimuliwa: Uhakiki wa Matembezi ya Watalii

Hapa Scarborough, juu ya magenge yanayotazama Ziwa Ontario, ipo bustani iitwayo Guild Park. Wengi wetu tumepeleka watoto huko siku za kiangazi, na majamvi yetu, chupa za chai na katlesi. Katika majani yake yamepangwa mabaki ya majengo ya Toronto yaliyovunjwa: nguzo, matao, vipande vya kuta vilivyochongwa. Waliovikusanya ni Spencer na Rosa Clark, mume na mke walioanzisha hapo mwaka 1932 jumuiya ya mafundi na wasanii. Kwa miaka mingi palikuwa na hoteli pia. Nguzo za iliyokuwa Benki ya Toronto, jengo lililovunjwa mwaka 1966, zimesimamishwa tena ziwe jukwaa la michezo ya kuigiza. Ni pahala pazuri, na shukurani ziwaendee waliookoa mawe yale. Lakini apitaye chini ya tao lile hajui nani alikuwa akiingia mlangoni hapo, nani akipanga foleni dirishani, nani akipiga deki usiku.

Hata jina la Scarborough limetoka mji wa mapumziko. Elizabeth Simcoe, mke wa gavana, alipoyaona magenge haya mwaka 1793 aliyafananisha na yale ya Scarborough ya Yorkshire, Uingereza, mji wa pwani unaopokea wageni wa kupunga hewa tangu karne ya 17. Basi sisi tuliotoka pwani ya watalii tumekuja kukaa pahala palipoazima jina la pwani nyingine ya watalii.

Tumeanza na haya kwa sababu ya safari. Kiangazi kilichopita baadhi yetu tulikwenda Unguja pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa Kanada. Baada ya siku chache za Nungwi na Paje, vijana wakataka kuutembea Mji Mkongwe pamoja na mtembeza watalii, kama wageni wengine. Sisi wazee mwanzo tuliona haya. Mtu hulipaje kuoneshwa mtaa aliozaliwa? Kisha tukakubali, na tukanyamaza njia nzima ili tusikie. Makala hii ni uhakiki wa tuliyoyasikia. Tumeyasoma matembezi yale kama kitabu, kwa kuwa kwa wageni wengi, na sasa kwa watoto wetu pia, hicho huenda kikawa kitabu cha pekee cha historia ya Zanzibar watakachokipata.

Tuseme mapema kwamba mtembezaji wetu alikuwa kijana mstahiki. Alijua lugha nne, hakumkatiza mtu, wala hakutusukuma madukani kama wafanyavyo mapapasi. Kasoro tutakazozitaja si zake. Alisimulia alichofundishwa kusimulia, na kinachofundishwa ni kile kinachouzika. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki 6, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakaazi wasiofika milioni 1.9. Wengi wa wageni hao hukaa hoteli za ufukweni, na Mji Mkongwe hupewa asubuhi moja. Katika saa tatu kila nyumba hupata dakika chache, na dakika chache hazitoshi ila kwa ajabu moja au msiba mmoja.

Jengo moja, tawala nne

Tulianzia Forodhani, mbele ya uzio wa Beit al-Ajaib. Tuliambiwa kwamba ni kasri ya Sultani ya mwaka 1883, ya kwanza kuwa na umeme, na kwamba ilianguka. Yote kweli. Sayyid Barghash bin Said aliijenga kwa shughuli za dola na sherehe. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliibomoa Beit al-Hukm, jirani yake, nayo ikabaki imesimama. Kilichoishinda ni miaka mingi ya kuachwa bila matengenezo. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya ukarabati kwa gharama ya serikali ya Oman ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa.

Sasa tazama kilichokosekana. Jengo lile lilikuwa la masultani, kisha likawa ofisi za serikali ya Kiingereza, baada ya Mapinduzi likatumiwa na chama cha Afro-Shirazi, na mwisho likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Uani mwake palikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari, kilichoundwa upya ili ufundi ule usipotee. Nani aliyepanda ngazi zile katika kila zama, na kwa shida gani, hakukuwa na neno. Hata waliokufa siku ya kuporomoka, watu wawili, hawakutajwa. "Jengo lilianguka," basi, kama kwamba liliangukia pahala patupu.

Mlango na mnyororo

Kutoka hapo tuliingia vichochoroni kutazama milango. Mtembezaji alitueleza kwamba misumari ya shaba imetoka Bara Hindi, ambako husemwa iliwekwa kuzuia ndovu wa vita, na vijana wakacheka kwa kuwa Unguja haina ndovu. Kisha akagusa mnyororo uliochongwa kwenye fremu, akapunguza sauti, akasema: mnyororo huu maana yake mwenye nyumba alikuwa akiuza watumwa.

Kauli hii inarudiwa karibu kila siku katika Mji Mkongwe, na ni dhaifu. Mnyororo ni nakshi ya kingo, pamoja na samaki, yungiyungi na mtende, na maelezo yake ya kawaida ni ulinzi wa nyumba. Milango mingi iliyosimama leo ilichongwa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko. Waliojengewa nyumba hizo walikuwa watu wa kazi nyingi: wenye mashamba ya karafuu, wafanyabiashara wa nguo, mabaniani wa fedha. Kuna walioshika biashara ya watumwa, na wengi zaidi waliokula matunda ya kazi ya watumwa bila ya kusimama sokoni hata siku moja. Hapo ndipo ubaya wa kauli hii. Inamfanya msikilizaji adhani kwamba dhambi ile iliandikwa kwenye milango michache, na kwamba mlango usio na mnyororo hauna hesabu ya kutoa. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na karafuu ndiyo iliyojenga ghorofa hizi, zenye mnyororo na zisizo nao.

Shangani tulisimama mbele ya nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905. Tuliambiwa alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa watumwa na pembe za ndovu, nayo ni kweli. Hatukuambiwa kwamba mtu huyu aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na kwamba kitabu hicho kilichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode. Kwa wasomaji wa jarida hili hilo si jambo dogo. Mwenye kutaka kujua biashara ile ilivyokuwa, hesabu zake, njia zake na ukatili wake, anaweza kumsikia aliyeifanya akijieleza bila ya haya. Wageni wetu walipewa mlango wakapiga picha. Ndani ya nyumba zinaishi familia kadhaa za leo, kamba za nguo zimepita ukumbini, na hao nao hawakuwa sehemu ya maelezo.

Binti wa kifalme na mama yake

Katika Beit al-Sahel, kasri ya pwani iliyofanywa makumbusho, kituo kinachopendwa zaidi ni chumba cha Sayyida Salme. Hadithi inajulikana. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akampenda jirani yake Mjerumani, Heinrich Ruete, akaondoka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akawa mjane kijana Hamburg mwaka 1870, akafariki Jena mwaka 1924. Mtembezaji aliisimulia vizuri, na binti zetu walisikiliza kuliko pahala pengine popote.

Sisi nasi tuliguswa, ila kwa sababu nyingine. Salme ni mhamiaji wa kwanza wa kwetu aliyeandika kitabu. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ni za mtu aliyekaa kwenye baridi akihesabu vyumba vya nyumba aliyoiacha, na kila mwenye kuishi Scarborough anaijua hesabu hiyo. Alirudi Unguja mwaka 1885 na tena mwaka 1888 kudai urithi wake, asipewe. Matembezi yanaigeuza habari hii kuwa mapenzi matupu. Yanaruka mambo mawili. La kwanza: mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa na kuuzwa akiwa mtoto, akawa suria wa Sayyid Said. Binti wa kifalme alikuwa mtoto wa mtumwa. La pili: katika kitabu chake Salme aliutetea utumwa wa kwetu mbele ya Wazungu, akisema haukuwa kama wa kwao. Mambo haya mawili yamekaa ndani ya mtu mmoja, na asiyeyaweka pamoja hajaielewa Zanzibar ya karne ya 19. Chumba kimoja cha makumbusho kingeweza kuyaeleza, kama pangekuwa na mtu mwenye nia.

Soko na Kisiwa cha Gereza

Kanisa la Mkunazini limejengwa pahala pa soko la watumwa lililofungwa mwezi Juni 1873, kwa usimamizi wa Askofu Edward Steere. Hapo vijana wetu walinyamaza, na ilikuwa haki wanyamaze. Sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, hazihitaji mkalimani. Lakini kisha tulishushwa katika vyumba viwili vya chini, tukaambiwa ni humu walimofungiwa watumwa kabla ya kuuzwa. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni kuwa hospitali, baada ya soko kufungwa. Ndiyo maana wako wanahistoria waliohoji maelezo hayo. Biashara ile ilikuwa kweli, ilikuwa kubwa na ilikuwa katili, na kwa sababu hiyo haihitaji kuongezewa chumba. Mwenye kuonesha ushahidi dhaifu huwapa nafasi wale wanaotaka kukana ushahidi mzito.

Mchana tulivuka kwa mashua kwenda Changuu, kisiwa ambacho mabango yote hukiita Kisiwa cha Gereza. Gereza lilijengwa kweli, mwaka 1893, kwa amri ya Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani. Halikutumika kuwa gereza. Kisiwa kikawa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Wangapi katika wazee wetu, waliotoka Bombay, Maskat au Mukalla kwa jahazi na meli, walikalishwa pwani wakisubiri ruhusa ya daktari ndipo waingie mjini? Habari ya karantini ni habari ya wahamiaji, yaani habari yetu, na bado kisiwa kinauzwa kwa jina la kazi ambacho hakikuifanya. Jina la gereza linauza tiketi.

Matembezi yanakomea Darajani

Asubuhi ile kituo cha mwisho kilikuwa soko la Darajani, jengo la mwaka 1904: viungo, pweza, nyama, picha, kwaheri. Ng'ambo ya barabara, pale ulipokuwa mkono wa bahari kabla ya kufukiwa, unaanza mji mwingine, na hatukuvushwa. Ng'ambo ndiko walikokaa wengi wa walioachwa huru baada ya mwaka 1897, pamoja na wachukuzi, wavuvi, mafundi na wapishi wa mji huu wa mawe. Huko ndiko Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikokuwa akiimba taarabu kwa Kiswahili kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani zake. Kwa mtalii, Ng'ambo ni dirisha la gari akienda ufukweni, na majumba ya Michenzani ni kitu cha kuuliza "nini kile?" bila ya kungoja jibu. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na tunashukuru. Lakini mpaka uliochorwa kwenye ramani kwa ajili ya kuhifadhi mawe umekuwa mpaka wa hadithi pia, na waliobeba mawe hayo wameachwa nje yake.

Pengo jingine ni la wakati. Hadithi yetu iliruka kutoka kufutwa utumwa mwaka 1897 hadi nyumba ya Freddie Mercury. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Kwa nini mwaka huo? "Kulikuwa na mabadiliko ya siasa," alisema mtembezaji, na akatazama chini. Sisi nasi tukatazama chini. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliua watu, yakatawanya familia, yakagawa nyumba upya. Yalifanywa pia na watu wengi waliokuwa na madai yao ya haki, ambao babu zao hawakuwahi kuitwa kwa majina katika nyumba zetu. Hatudai mtembezaji ahukumu mbele ya watalii. Tunadai tu kwamba sentensi ile isiwe nusu.

Tulala katika nyumba ya nani?

Usiku tulilala katika hoteli iliyokuwa nyumba. Hatutaitaja, kwa kuwa tunalosema linazihusu nyingi. Chumba kilikuwa na kitanda cha samadari, chandarua, maasumini juu ya mto, na jina la sultani mlangoni. Tunakiri kwamba bila ya fedha za hoteli baadhi ya nyumba hizi zingekuwa magofu. Chokaa na boriti za mikoko hazisubiri, na paa likivuja misimu miwili ukuta hurudi kuwa matumbawe. Hatulaumu hoteli kuwa hoteli. Tunalaumu kwamba nyumba hupewa jina la sultani ambaye hakuwahi kukaa humo, ilhali waliokaa wanajulikana au wanaweza kujulikana. Nyumba nyingi za mjini zilikuwa wakfu, na hati za wakfu zilieleza wazi: nyumba ya nani, kwa manufaa ya nani, pamoja na watoto, wajakazi walioachwa huru na msikiti wa mtaa. Nyumba ya kumbukumbu za taifa ipo Kilimani, mwendo mdogo kutoka hoteli hizo. Ukurasa mmoja uliowekwa kwenye fremu ukumbini ungemfaa mgeni kuliko mabakora kumi ya mapambo.

Na sisi je?

Tungeweza kumalizia hapo, tukarudi Scarborough tukiwa tumewakosoa wengine. Lakini siku moja baada ya kurudi tulikaa na bibi mmoja wa kwetu, tukamwonesha picha za hoteli ile. Aliijua. Alivuta picha ya chumba cha nyuma, kile cha bei nafuu karibu na ngazi, akamtaja mama mmoja aliyelala humo, aliyemlea yeye na ndugu zake saba. "Tukimwita Mama," alisema. Mjukuu wake akauliza: alikuwa nani kwetu? Alitoka wapi? Jina lake kamili? Bibi hakuwa na jibu. Hakuwahi kuuliza, na waliomtangulia hawakuwahi kusema.

Tukatoa karatasi ya nasaba ya familia, ile iliyonakiliwa kwa mkono kabla ya kuhama na kusafirishwa ndani ya msahafu. Majina ya wanaume yamepanda vizazi kumi hadi Oman. Wanawake ni wachache. Masuria hakuna hata mmoja, ingawa kila mtu katika chumba alijua kwamba bila ya wao karatasi ile isingekuwa na matawi. Basi karatasi yetu na matembezi ya watalii vimeandikwa kwa kalamu moja. Vyote viwili vinataja mwenye mlango na vinamsahau aliyeufungua kila asubuhi. Mtembezaji ana udhuru: ana saa tatu, na ana bwana wa kumlipa. Sisi tumekuwa na miaka sitini, na hakuna aliyetulipa tunyamaze.

Kwa hivyo tunatoa mapendekezo ya pande mbili. Kwa wenye mamlaka ya makumbusho: Beit al-Ajaib itakapofunguliwa tena, maelezo yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, ili watoto wa Ng'ambo wayasome kabla ya mgeni. Wafanyakazi wawili waliokufa watajwe ukutani pamoja na Barghash. Watembezaji wapewe mafunzo yanayotenganisha lililothibitishwa na linalosemwa, na waruhusiwe kusema "wanahistoria wanahitilafiana hapa". Mtalii mwenye akili atawaheshimu zaidi. Na njia ivuke barabara ya Darajani, hata kwa nusu saa.

Kwa familia zetu za Scarborough, Maskat, London na Mombasa: katika vyumba vyetu vya chini na makabati yetu kuna picha, barua kwa herufi za Kiarabu, hati za nyumba, risiti za karafuu. Zinakiliwe, na nakala zipelekwe Kilimani. Nyuma ya kila picha yaandikwe majina ya wote waliomo, pamoja na yule aliyesimama pembeni ameshika mtoto. Wazee waulizwe sasa juu ya wale wasiomo katika nasaba, hata kama suali linaumiza, kwa kuwa walio na majibu wanaondoka kila mwaka.

Mjukuu wa bibi yule ameanza. Pembeni mwa karatasi ya nasaba ameandika kwa penseli neno moja, "Mama", na mbele yake alama ya kuuliza. Bibi aliitazama muda, kisha akamwambia ampigie simu jamaa yao wa Mombasa, huenda yeye akakumbuka jina.